Ushahidi wa Tundu

Maji yakupwapo na mchanga ukabaki wazi, bahari huacha nyuma vitu vingi isivyovihitaji tena. Miongoni mwake yamo makombe matupu ya chaza na jamaa zake, na katika makombe hayo huonekana mara kwa mara moja lenye tundu dogo la mviringo, lililotobolewa kwa unadhifu kana kwamba fundi alilishika akalipekecha kwa keekee. Mtoto aliokotapo hulitunga uzi akalivaa shingoni. Mtu mzima hulipita bila ya kuligeuza. Ni nadra kuulizwa fundi huyo alikuwa nani, au mwenye kombe alikwenda wapi. Lakini swali likiulizwa, jawabu lake ni fupi. Tundu lile ni njia ya mauti. Mwenye kombe aliuawa na kuliwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mwuaji alipokwisha shiba alikwenda zake akauacha mlango wazi.

Jambo hili lingeweza kuachiwa wataalamu wa bahari peke yao lau halikuzaa swali zito kuliko kombe lenyewe. Matundu ya namna hii hayakuanza jana. Yameonekana katika mawe yaliyokuwa matope ya bahari kabla ya kuwako samaki, na kabla ya mnyama yeyote kutambaa juu ya nchi kavu. Mwenye kutaka kujua kuua ili kuishi ni desturi ya tangu lini duniani, hupata katika matundu hayo shahidi wa kale mno. Na hapo ndipo lizukapo swali la adili: jambo likiwa la kale karibu sawa na wanyama wenyewe, je, ukale wake ni hoja ya uhalali wake?

Swali hili si mchezo wa wasomi. Katika mambo ya watu hapana utetezi upendwao kuliko ule usemao kwamba ndivyo dunia ilivyo. Mwenye duka apunjaye mizani husema hivyo. Mkubwa wa kazi amnyanyasaye mdogo wake husema hivyo. Mume apigaye husema kwamba ndivyo alivyokuta kwa wazee wake. Dola imezayo dola nyingine husema hivyo kwa maneno ya heshima zaidi. Kila mmoja wao huegemea ukale kama mtu aegemeavyo ukuta, naye huona salama kwa kuwa ukuta ni mnene. Yafaa basi uchunguzwe ukuta ulio mnene kupita zote, ili ijulikane kama waweza kubeba uzito huo.

Wauaji wanaohusika hapa aghalabu ni konokono wa baharini, na mashuhuri kati yao ni wa jamaa mbili. Jamaa ya kwanza ni Natisidi, ambao hutembea chini ya mchanga, nao wapo pia katika fukwe za Afrika ya Mashariki. Mguu wao ni mpana sana, hata huweza kumfunika chaza mzima kama mtu afungavyo mzigo kwa shuka. Jamaa ya pili ni Murisidi, ambao wengi wao hukaa miambani, karibu na viumbe waliogandama wasioweza kukimbia. Katika jamaa hii ndimo watokamo konokono ambao watu wa kale wa Bahari ya Kati walipata kwao rangi ya zambarau ya nguo za wafalme. Kazi yao ya kutoboa imejulikana zamani. Aristotle, aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, alikwisha andika kwamba konokono wa zambarau ana ulimi wenye nguvu ya kupenya magamba.

Walakini ulimi peke yake hautoshi. Melbourne Carriker wa Marekani, aliyewachunguza konokono hawa kwa miaka mingi katika karne ya 20, alionyesha kwamba kazi hufanywa kwa zamu. Kiungo laini kilichoumbwa kwa shughuli hiyo hukandamizwa juu ya gamba, kikatoa asidi na vimeng'enya vya kulegeza chokaa. Kisha ulimi, wenye safu za meno madogo kama tupa, hukwangua kilicholegea. Kiungo hurudi, ulimi ukarudi, na mwendo huo ukaendelea saa baada ya saa, hata gamba likiwa nene kazi ikachukua siku nzima au zaidi. Tundu likipita, mwuaji hupenyeza mrija wa mdomo wake akala nyama iliyomo. Hata alama za jamaa hizi mbili hutofautiana: tundu la Natisidi kwa kawaida lina ukingo ulioinama kama bakuli, na la Murisidi aghalabu limesimama wima kama kisima.

Unadhifu huo ndio uletao thamani ya ushahidi. Mauaji mengi ya kale hayana shahidi. Samaki amezwaye mzima haachi alama. Kaa huvunja gamba vipande vipande, na mawimbi nayo huvunja vivyo hivyo, hata mtu asijue kipande kipi ni kazi ya nani. Lakini tundu la mviringo, lililoanza nje likaelekea ndani, lililopenya ukuta mmoja na kuuacha wa pili mzima, lililo karibu mahali pale pale katika gamba baada ya gamba, haliwezi kusingiziwa wimbi wala jiwe. Mwenye kuliona huona dalili ya kiumbe aliyechagua mahali, akaanza, akaendelea, akamaliza.

Mwaka 1972 mwanajiolojia Gerard Germs alieleza visukuku vidogo kutoka Namibia, yaani mabaki ya viumbe yaliyohifadhiwa katika mawe, akavipa jina la Cloudina kwa heshima ya Preston Cloud wa Marekani. Umbo lake lilikuwa kama vikombe vidogo vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine mpaka vikafanya mrija. Umri wake ni kama miaka milioni 550, naye ni miongoni mwa wanyama wa kwanza kabisa kujijengea nyumba ya madini. Baadaye viumbe wa jina hilo walipatikana kwingineko, hata katika jimbo la Shaanxi, Uchina. Mwaka 1992 Stefan Bengtson na Yue Zhao walitangaza kwamba baadhi ya mirija ya Uchina ina matundu ya mviringo, madogo mno, yaliyotobolewa na kiumbe mwingine. Katika mawe yayo hayo mlikuwa na mirija ya kiumbe wa pili aitwaye Sinotubulites, na huyo hakuonekana kutobolewa. Mwuaji, ambaye sura yake haikupata kuonekana, alikuwa akimbagua wa kumla na wa kumwacha.

Maana ya habari hii yatisha kidogo. Nyumba ya kwanza ilipojengwa, mvunja nyumba alikuwa karibu. Wala hakuondoka tena. Katika zama zilizofuata matundu huonekana katika magamba ya makundi mbalimbali ya wanyama, na mwaka 2017 Adiël Klompmaker na wenzake walitoa hesabu yao ya matundu yaliyopimwa katika magamba karibu 7,000. Waliona kwamba katika muda wa miaka milioni 500 hivi matundu yamekuwa makubwa zaidi, ilhali waliotobolewa hawakuongezeka ukubwa kwa kadiri hiyo. Kwa kuwa konokono mkubwa hutoboa tundu kubwa, walihukumu kwamba wawindaji wamezidi kuwa wakubwa kuliko wawindwa wao. Kwa ufupi, mwenye nguvu ameongezeka nguvu.

Hapa mtetezi wa ukale hupata alilolitaka, na si haki kumnyima nafasi ya kusema. Hoja yake ni hii: kilicho cha mahali pote na zama zote ni sheria; binadamu ni mwana wa maumbile kama viumbe wengine; basi amkatazaye mwenye nguvu kula mnyonge hushindana na bahari. Hoja hiyo haikuishia vitabuni. Herbert Spencer wa Uingereza alipotunga mwaka 1864 ule usemi mashuhuri wa kusalia kwao walio bora, wengi waliuchukua wakautumia kupimia mataifa. Tarehe 4 Mei 1898, Lord Salisbury, Waziri Mkuu wa Uingereza, alihutubia London akaeleza kwamba mataifa ya dunia yamegawanyika mafungu mawili, yaliyo hai na yanayokufa, na kwamba yaliyo hai yatazidi kumega ardhi ya yale yanayokufa. Miaka minane kabla ya hotuba hiyo, mwaka 1890, Uingereza na Ujerumani zilikwisha patana juu ya mipaka yao katika Afrika ya Mashariki pasipo wenyeji kuulizwa. Waliomegwa walikuwa watu wenye majina, mashamba na makaburi ya wazee wao. Katika lugha ile walikuwa wagonjwa wanaongoja kufa, na aliyewamega hakuwa na kosa kuliko konokono.

Jawabu la kwanza hutoka katika kazi ya ushahidi yenyewe. Shahidi huitwa barazani aseme lililotendeka. Akisema ameona mtu amepigwa, hasemi kwamba ilistahili apigwe. Na hakimu akichanganya mambo hayo mawili, hafai kukaa kitini. Tundu ni shahidi mwaminifu wa tendo, na uaminifu wake wote umo katika tendo tu. Likiulizwa nani, kwa nini, kwa njia gani, laweza kujibu kwa kiasi chake. Likiulizwa kama ilikuwa halali, hunyamaza, na anyamazaye hasomewi jawabu asilolitoa. David Hume wa Scotland, katika kitabu chake cha miaka ya 1739 na 1740, alionya juu ya waandishi waanzao kusimulia yaliyopo, kisha wakajikuta wanaamuru yapasayo kuwapo, bila ya kuonyesha daraja waliyovukia. Mtetezi wa ukale ni mmoja wa wavukao bila daraja.

Ukale wenyewe ukipimwa kwa mambo mengine huonekana hauna uzito anaodaiwa. Maradhi ni ya kale, wala hapana aachaye kumtibu mwanawe kwa sababu homa ilimtangulia duniani. Utumwa ulikuwa wa kale ulipopigwa marufuku. Na katika upande wa pili, kulea nako ni kwa kale. Lau ukale ungekuwa cheo, malezi na mauaji yangekaa kiti kimoja, na mwenye kutaka kuchagua kati yake angelazimika kutafuta kipimo kingine. Kipimo hicho kingine ndicho kilichokuwa kikitakiwa tangu mwanzo.

Tena jiwe lina kumbukumbu ya upande mmoja. Aliyeuawa kwa kutobolewa huacha alama. Aliyeishi akafa kwa uzee haachi tundu. Mwuaji aliyepita karibu asiguse, kwa kushiba au kwa kukosa njia, hakuandikwa popote. Hata hivyo katika tabaka nyingi za visukuku magamba yasiyo na tundu ni mengi kuliko yenye tundu. Lakini jicho huenda kwenye tundu, likayapita yale mazima kama kwamba hayana habari. Kadhalika katika tarehe za watu. Vita huandikwa kwa mwaka wake na jina la jemadari wake, ilhali miaka ya majirani waliokopeshana chumvi haina mwandishi. Asomaye matundu tu akasema amesoma dunia, amesoma majeraha akadhani amesoma mwili.

Jawabu la pili lamfuata mtetezi ndani ya ngome yake. Na akubaliwe kwa muda kwamba sheria ya watu yaweza kuchukuliwa katika magamba; je, magamba husema alilolisema? Yako mengi yenye tundu lisilopenya. Konokono alianza, kisha ukuta ulimshinda, au alibughudhiwa akaacha kazi nusu, na chaza akaendelea kuishi na kovu lake. Katika kaskazini ya Atlantiki wako chaza weusi wa mwambani ambao hujishikiza kwa nyuzi ngumu. Konokono wa jamaa ya Murisidi aingiapo kati yao huweza kufungwa kwa nyuzi hizo asiweze kutoka, akafa kwa njaa mbele ya chakula chake. Kama hii nayo ni sheria ya dunia, ni sheria ya wanyonge walioshikamana, wala mtetezi hakuitaja.

Geerat Vermeij, aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1946 na kuwa kipofu tangu utoto wake, aliyasoma magamba kwa vidole. Kwa kupapasa unene, miiba na midomo iliyobanwa ya konokono wa zama mbalimbali, aliona kwamba wawindwa hawakukaa kimya. Katika makala yake ya mwaka 1977 na kitabu chake cha mwaka 1987 alieleza tarehe ya bahari kuwa ni mashindano ya kupandishiana, silaha kwa ngao. Wengine waliipima rai hiyo. Mwaka 1993 Patricia Kelley na Thor Hansen walihesabu matundu ya Natisidi katika visukuku vya mbuga za pwani za Marekani. Matundu yalikuwa machache katika zama za mwisho za dinosauri, yakazidi sana baada ya maangamizi ya miaka milioni 66 iliyopita, yakapungua karibu na mwisho wa zama za Eosini, kisha yakazidi tena. Mwendo wake ulikuwa wa kupanda na kushuka. Aliyetarajia kuona ushindi wa mwenye nguvu ukienda mbele bila kusita hakuupata katika hesabu hiyo.

Lakini habari yenye mafundisho zaidi imetoka Florida. Konokono wengine wa jamaa ya Murisidi wana njia mbili za kumwingia chaza. Waweza kutoboa ukutani, kazi ya polepole iliyo salama. Au waweza kutoboa ukingoni, pale makombe mawili yakutanapo, ambapo kazi huisha upesi lakini chaza aweza kufunga makombe akabana mrija wa mdomo uliopenyezwa. Mwaka 2004 Gregory Dietl, Gregory Herbert na Vermeij walieleza kwamba kabla ya maangamizi ya viumbe wa bahari yaliyotokea huko karibu na mwisho wa zama za Pliosini, alama za ukingoni zilikuwapo. Baada ya maangamizi, washindani walipopungua, zilitoweka zikabaki za ukutani. Walipowaweka konokono wa leo pamoja na washindani wengi, baadhi yao waliiacha njia ya ukutani wakaenda ukingoni. Haraka yenye hatari ilikuwa tunda la msongamano.

Ikiwa mwenendo wa konokono, mnyama asiye na shauri wala kanuni, hugeuka kwa hali aliyowekwa ndani yake, basi asemaye kwamba asili ya watu haigeuki ana deni la kueleza. Mwizi wa sokoni, mlaji rushwa wa ofisini na mfanya kazi amsalitiye mwenzake kwa mkubwa huambiwa kuwa ndiyo asili yao. Yamkini baadhi yao wamo katika msongamano ambao mtu mwingine aliutengeneza, naye anafaidika kwao. Neno asili, likitamkwa upesi mno, humfunika huyo wa nyuma.

Baada ya kusema hayo, uko mtego wa pili wa kuepukwa, nao huwanasa zaidi watu wema. Mnyonge akisikia habari ya chaza waliomfunga konokono kwa nyuzi, hufurahi, akatamani kusema kwamba maumbile yako upande wake. Asiseme. Akikubali kwamba nyuzi za chaza zimempa haki, amekubali pia kwamba tundu la konokono lilimpa haki mwingine, na kesi yake itakuwa ya kuhesabu matundu na nyuzi mpaka mwisho wa dunia. Haki ya waliomegwa mwaka 1890 haikutegemea kwamba siku moja wangeweza kujikomboa. Lau wasingejikomboa kamwe, bado wangekuwa wamedhulumiwa. Kushinda hakumfanyi mtu kuwa na haki, wala kushindwa hakumvui haki aliyo nayo.

Lugha ya Kiswahili yalijua jambo hili pasipo darasa. Methali moja yasema, mwenye nguvu mpishe. Huo ni ushauri kwa aliye njiani; haukusema kwamba njia ni mali ya mwenye nguvu. Methali nyingine yasema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Maneno haya ni makali, hata yaweza kudhaniwa kuwa ni ya kikatili, lakini yamebeba tofauti ambayo mawaziri na wanafalsafa wengine waliisahau: kunyonga ni jambo moja na haki ni jambo la pili, na la kwanza likitimia lote, la pili hubaki likidaiwa.

Ni kitu gani basi kitenganishacho tundu la konokono na dhuluma ya mtu? Charles Darwin, katika barua yake ya Mei 1860 kwa Asa Gray, alieleza namna alivyotaabika moyoni juu ya nyigu ambao watoto wao hula viwavi wangali hai. Hakuweza kujiaminisha kwamba Muumba mwenye rehema aliwakusudia hivyo. Taabu hiyo ina maana kubwa kuliko jawabu lake. Nyigu hataabiki. Konokono hukandamiza, hukwangua, hula, akaenda. Hana saa ya usiku ambayo hujiuliza kama ingalikuwa vingine. Dhuluma huhitaji mtendaji awezaye kujizuia na kujua anachomtenda mwenziwe. Kwa hiyo konokono hawezi kuwa dhalimu, na kwa sababu iyo hiyo hawezi kuwa mwalimu wa madhalimu. Mtu amwitapo konokono amtetee, humwita asiye na hatia aje amfunike mwenye hatia.

Lakini mtu naye hula. Mwanamke achokoaye chaza mchangani maji yakiwa makavu, ili watoto wapate kitoweo, naye pia hutoa uhai katika gamba. Ni uongo kusema kwamba kujua kumemtoa binadamu katika hesabu hii, kumemwingiza zaidi. Konokono hudaiwa na njaa peke yake. Mtu hudaiwa na njaa, kisha akadaiwa maelezo: kiasi gani kilimtosha, nani alikosa kwa yeye kuzidisha, na kama jina la haja halikuvikwa tamaa. Mpaka kati ya haja na tamaa hauonekani katika tundu, kwani tundu la mwenye kushiba na tundu la mwenye njaa hufanana. Waonekana kwa mtendaji mwenyewe, akikubali kutazama. Hili ndilo zito katika swali zima, na ndilo ambalo hoja ya ukale iliundwa ili kulikwepa: ukale humpa mtu mamilioni ya miaka ya kujificha ili asiulizwe habari za leo.

Katika pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya, wachimbuzi walipata gamba la bahari lililofanywa ushanga zaidi ya miaka 60,000 iliyopita. Wataalamu wa vitu kama hivyo wana kazi ya kupambanua tundu lililotobolewa na mtu na tundu lililotobolewa na konokono au kuchimbwa na mchanga na maji, na mara nyingi huweza. Wapambanuao namna hiyo hutafuta alama za mkono, na mkwaruzo wa uzi. Katika mambo ya adili kazi ni ile ile. Tendo liletwapo mbele ya watu na mwenye kulitenda akasema kwamba ni kazi ya maumbile, iliyoanza kabla yake na itakayoendelea baada yake, wajibu wa kila mwenye akili ni kuligeuza tendo hilo polepole na kutazama kama halina alama ya mkono. Ikiwapo, basi bahari iachwe kando, na mwenye mkono ajibu.